Saratani Iliyorudi: Imerudi Wapi?

Mgonjwa wa Bariadi aliyewahi kupasuliwa titi, akiambiwa "kansa imerudi", bado hajaambiwa jambo analolihitaji zaidi: imerudi wapi. Ugonjwa kuota tena palepale ulipokatwa ni jambo moja. Kusambaa hadi mapafuni au kwenye mifupa ni jingine. "Kujirudia", neno tulilolizoea hospitalini, hufunika yote mawili. Napendekeza la kwanza tuliite urejeo wa palepale, la pili usambaaji. Ukitafsiri neno la Kiingereza "local" na kuandika "urejeo wa kienyeji", msomaji wa Simiyu atafikiria kuku au dawa za mizizi.

Haja ya kutenganisha huonekana wazi kwenye uvimbe wa filodesi, aina adimu isiyofikia asilimia 1 ya uvimbe wote wa titi. Johannes Müller wa Ujerumani aliupa jina mwaka 1838 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jani, kwa jinsi unavyoonekana ndani ukipasuliwa. Mara nyingi si saratani, lakini hata usio saratani unaweza kuota tena. Chanzo kikubwa cha kuota tena ni ukingo, yaani pembeni mwa kipande kilichokatwa. Maabara hupaka wino kuzunguka kinyama kilichotolewa, kisha huangalia kwa hadubini kama seli za uvimbe zimegusa wino. Zikigusa, huenda nyingine zimebaki kifuani. Ndiyo maana urejeo wa palepale hutibiwa kwanza kwa kisu: kukata tena kwa ukingo mpana, pengine titi lote, na mionzi ikihitajika. Vidonge vya homoni, tegemeo la wagonjwa wengi wa saratani ya titi iliyozoeleka, hapa havina kazi. Uvimbe ukishafika mapafuni, kukata tena kifuani hakuwezi kuumaliza.

Wapo watakaosema "urejeo" si sahihi, maana kilichoota ndicho kilichobaki. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mabaki hujulikana mara baada ya upasuaji. Urejeo huja baada ya kipindi ambacho vipimo havikuona kitu. Wengine watasema daktari anajua Kiingereza, inatosha. Haitoshi. Kati ya Bariadi na hospitali ya Bugando, Mwanza, kwenye matibabu ya mionzi, mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye anayebeba maelezo, na nyumbani huyaeleza upya kwa Kisukuma kwa ndugu wanaochanga nauli. "Palepale" haihitaji kamusi. Mwanamke aliyeambiwa hivyo anaweza kumuuliza daktari, baada ya upasuaji wa pili, kama safari hii ukingo umetoka safi.