Nta ya Ugogo na Mwanga wa Mvumi

Wahenga walinena: fuata nyuki ule asali. Hawakunena habari ya nta, na katika kunyamaza huko mna historia nzima ya nyanda za kati za Tanganyika.

Mvumi, kusini-mashariki ya Dodoma, ilikuwa mahali pa kutajwa kabla Dodoma haijawa mji. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo, nchi ya maji haba, na kila mtemi alitoza hongo kabla ya kuruhusu visima vyake kutekwa. Stanley alilipa hongo ya nguo hapo Mvumi mwaka 1871, akaendelea na safari yake ya kumtafuta Livingstone. Pembe zilipita, vitambaa vya merikani vilipita. Lakini katika mibuyu na migunga ilining'inia mizinga ya magogo ambayo msafiri hakuijali.

Mrina asali wa zamani alipanda usiku na kijinga cha moshi. Asali ililiwa, au ikachachushwa ikawa pombe ya sherehe. Sega lililokamuliwa aghalabu lilitupwa, kwa kuwa halikuwa na mnunuzi. Biashara ya kikoloni ndiyo iliyobadili thamani yake. Wamisionari wa CMS walifungua kituo Mvumi mwaka 1900. Miaka kumi baadaye reli ya Wajerumani ilifika Dodoma, na nta ya bara ikapata njia nyepesi ya kushuka bandarini. Ulaya iliihitaji kwa mishumaa ya makanisa, kwa dawa za kung'arishia samani na kwa marhamu.

Hapo pana kitendawili. Nta ilisafiri baharini ikiwa mabonge ya manjano, ilhali mshumaa uliouzwa dukani ulikuwa mweupe, wa parafini itokanayo na petroli, usio na harufu ya ua lolote. Nchi iliuza mwanga wake ukiwa mali ghafi, ikanunua mwanga wa wengine.

Na ufundi wenyewe si mgumu kiasi cha kushinda nyumba yenye jiko. Masega huchemshwa kwa maji na kuchujwa kwa kitambaa; yakipoa, nta huelea juu na kuganda, kwani ni nyepesi kuliko maji. Kisha huyeyushwa tena katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana hushika moto upesi. Huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 62 za sentigredi. Utambi wa pamba iliyosukwa hunyoshwa katikati ya kalibu, iwe kopo au kipande cha mwanzi kilichopasuliwa na kufungwa tena, kikapakwa mafuta kidogo. Nta humiminwa taratibu, na ikinywea katikati huongezwa.

Harufu hutiwa mwisho, moto ukisha kuepuliwa, isije ikapaa pamoja na mvuke. Hapa bara na visiwa hukutana. Mafuta ya makonyo ya karafuu, yanayokenekwa huko Wawi, Pemba, yanahitajika kwa matone tu. Yakizidi, mshumaa hutoa moshi. Hata bila hayo, nta safi hubaki na harufu yake ya asali, kumbukumbu ya maua yaliyoizaa.

Maua hayo ndiyo shina la jambo. Mzinga wa gogo, unaodharauliwa kwa ukale wake, hutoa nta nyingi kuliko mzinga wa fremu, kwa sababu sega lake hukatwa lote badala ya kurudishwa. Lakini hakuna mzinga unaoweza kushinda ardhi iliyo tupu. Mmomonyoko ulipozidi mkoani Dodoma, mradi wa HADO ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1986 mifugo iliamriwa iondolewe katika tarafa ya Mvumi. Kwa Mgogo, ambaye ng'ombe ni mahari na heshima, amri hiyo ilikuwa jeraha. Hata hivyo, nyasi na vichaka vilirejea mahali palipokuwa makorongo.

Kichaka kilichorejea hakirudishi ng'ombe aliyeondoka. Kinaweza, hata hivyo, kulisha nyuki. Na nyuki hahitaji malisho mapana, wala kwato zake hazichimbui ardhi. Sega lililokuwa likitupwa, likiingia katika kalibu nyumbani badala ya gunia la mchuuzi, sehemu ya thamani iliyokuwa ikishuka na reli hubaki kijijini, ikiwaka mezani.