Malawi: Msitu wa Viphya Uliokosa Kiwanda

Katika nyanda za juu za Viphya, kaskazini mwa Malawi, majirani zetu wanao msitu uliopandwa kwa mikono ya watu. Asafiriye kutoka Kasungu kwenda Mzuzu hupita katikati yake, mahali paitwapo Chikangawa. Miti yake mingi ni misonobari yenye asili ya Mexico, ile ile inayostawishwa na wenzetu wa Sao Hill, Mufindi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964, serikali ya Hastings Banda iliupanua msitu huo kwa kusudi la kulisha kiwanda cha karatasi, ambacho kilikusudiwa kujengwa Chintheche, kando ya ziwa. Eneo lililopandwa likafikia hekta 53,000 hivi. Kiwanda hakikujengwa. Msitu ukabaki kama jeshi lililoandikishwa kwa vita visivyotokea.

Hata hivyo miti haikukaa bure. Mti huvuta hewa ya ukaa na kuigeuza kuwa mwili wake, na karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni. Ubao huo uunguapo, kila tani ya kaboni hurudi angani ikiwa tani 3.7 hivi za hewa ya ukaa. Kwa hiyo msitu ni ghala, na bwana miti ndiye mwenye ufunguo. Akivuna mapema kwa ajili ya karatasi, kaboni hairudi angani siku ile, lakini haichelewi. Akingoja miaka 25 au 30 na kupasua mbao, kaboni itatulia katika mapaa na milango kwa miongo mingi. Wako wasemao kwamba kupunguza miti huongeza akiba msituni. Sivyo: akiba iliyosimama hupungua, ila miti iliyobaki hunenepa na kutoa mbao bora. Na matawi yaliyoachwa baada ya kuvuna, yakichomwa, udongo hukosa chakula chake. Yakiachwa yaoze huulisha, lakini wakati wa kiangazi huwa kuni za moto wa msituni. Hapo hapana budi kuwa na njia za kuzuia moto zilizofyekwa kwa wakati.

Msiba wa Viphya haukuwa shoka peke yake. Kipande kilichokatwa na kupandwa upya hujaza ghala tena. Lakini kampuni na wapasuaji wadogo walipokata kwa kasi kuliko upandaji, na moto ukateketeza michanga pamoja na mikubwa, sehemu kubwa iligeuka majani matupu, ambayo huungua tena na tena.

Katika miaka ya 2010 serikali ya Malawi ilituma wanajeshi kulinda baadhi ya misitu yake, hasa Dzalanyama, chanzo cha maji ya Lilongwe. Ninyi mlio katika majeshi mnajua kazi hiyo ilivyo: doria usiku, magogo ya wizi barabarani, mwananchi maskini mwenye msumeno mkononi. Askari aweza kumzuia mwizi na kupambana na moto. Hawezi kuurudisha msimu uliopita. Mche usiopandwa kwa mvua za Desemba hungoja mwaka mzima, kisha ndipo ianze kuhesabiwa ile miaka 25.