Lishe ya mtoto njiti

Lishe ya mtoto njiti ni ulishaji wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Mtoto huyo huzaliwa na akiba ndogo ya mafuta, chuma na kalisi, kwa kuwa sehemu kubwa ya akiba hiyo hujengeka katika miezi mitatu ya mwisho tumboni. Kabla ya wiki ya 34 hivi huwa hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, hivyo maziwa yaliyokamuliwa hupitishwa kwa mrija hadi tumboni.

Ushahidi unaotajwa sana kuhusu athari ya lishe hiyo kwa akili ya mtoto ulitoka Uingereza. Kuanzia 1982 hadi 1985, Alan Lucas na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,850. Wengine walipewa maziwa ya kopo ya kawaida, wengine ya kopo yaliyoongezwa protini na madini kwa ajili ya njiti, kwa wastani wa mwezi mmoja tu. Walipopimwa wakiwa na miaka 7 hadi 8, wavulana waliotumia maziwa ya kawaida walikuwa nyuma kwa alama 12 hivi katika akili ya lugha; kwa wasichana tofauti haikuwa dhahiri.

Kati ya watoto hao, waliopata maziwa ya mama nao waliwazidi wasioyapata kwa alama 8 hivi za akili. Hapa tahadhari inahitajika: kukamua au kutokukamua kulikuwa uamuzi wa mama, si bahati nasibu. Maziwa ya mama pia hupunguza hatari ya utumbo kuoza, ugonjwa unaoua njiti wengi, ingawa kwa wadogo sana huhitaji kuongezewa protini na madini.