Saa za Baridi: Istilahi Inayotenganisha Ukoka na Hazeli

Marani, Kisii, kuna baridi. Anayepanda kutoka Kisumu kuelekea vilima vya Kitutu Chache hulijua hilo kabla hajashuka garini, na mwezi wa Julai wachuma chai hutoka alfajiri wakiwa wamevaa sweta. Kwa hiyo mkulima wa huko akiambiwa kwamba uko mti wa Ulaya, wenye kokwa za bei kubwa na unaopenda baridi, haoni kwa nini usimee kwake. Mvua anayo, tena nyingi, na udongo wake mwekundu una rutuba. Baridi je? Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kwao.

Mti wenyewe ni mhazeli. Utamea, utatoa majani machache, lakini hautazaa. Sababu imo katika istilahi ambayo wakulima wetu wamekosa kuelezwa kwa muda mrefu, na ambayo mimi naiita saa za baridi.

Miti mingi ya nchi zenye majira manne hupukutisha majani majira ya baridi yanapokaribia, kisha macho na matumba yake huingia usingizini. Usingizi huo hauvunjwi na joto peke yake. Sharti kwanza mti upitie idadi fulani ya saa ambazo hewa iko kati ya digrii 0 na takriban 7 za selsiasi. Kila saa ya namna hiyo huhesabiwa, na hesabu isipotimia mti hauamki sawasawa, kama matatu isiyoondoka steji mpaka ijae. Mhazeli una hesabu zaidi ya moja: maua ya kiume, yale yanayoning'inia kama mikia, hudai mamia machache ya saa, maua ya kike hudai zaidi, na macho ya majani katika aina nyingine hupita saa 1,000.

Marani iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Usiku wa kawaida wa Kisii hushuka hadi karibu digrii 15 tu. Baridi ya kumvisha mtu sweta ipo, lakini saa za baridi kwa maana ya kitaalamu, ukizihesabu mwaka mzima, ni sifuri.

Kuitafsiri istilahi hii kwa Kiswahili kumenisumbua. Mtu anaweza kusema "hitaji la baridi", na maneno hayo ni sahihi, ila mkulima wa Marani atajibu kwamba baridi anayo. Wengine watapendekeza "kipupwe", neno zuri la Kiswahili, lakini kipupwe cha pwani ni majira ya upepo wa kusi, Juni hadi Agosti, ambapo mtu hujifunika shuka na minazi haijui lolote. Kuliazima jina hilo kwa majira ya theluji ni kumpotosha msomaji. "Saa za baridi" lina ubora mmoja ninaoujali kuliko ufasaha: linalazimisha swali la ngapi. Muuza miche akisema mti unadai saa za baridi, mnunuzi atauliza ni saa ngapi, na shambani kwake ziko ngapi. Maswali hayo mawili yangetosha kumwokolea fedha zake.

Jina la mti halikunipa taabu, ingawa lina historia inayostahili kutajwa. Waarabu huiita hazeli bunduq, neno walilolipata kwa Wayunani, ambao waliijua kama kokwa ya Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Kisha vidonge vya kurushwa vikaitwa kwa jina hilo kwa kufanana na kokwa, silaha ya kuvirusha ikafuata, na sisi tukaipokea silaha: bunduki. Kokwa haikuja nayo. Ndiyo maana leo tunalazimika kusema hazeli. Pwani hiyo ya Ponto, sasa mikoa ya Ordu, Giresun na Trabzon nchini Uturuki, ingali kitovu cha zao hili, na Uturuki huvuna zaidi ya nusu ya hazeli za dunia. Sehemu kubwa huishia kwenye chokoleti na ile krimu ya Nutella, iliyoanza kuuzwa Italia mwaka 1964.

Kwa nini basi kichwa cha makala hii kinaiweka hazeli kando ya ukoka, yaani nyasi? Kwa sababu kuna bonde ambako mimea hii miwili hugombania mashamba yaleyale. Bonde la Willamette, jimbo la Oregon, ndilo hutoa karibu hazeli zote za Marekani, na bonde hilohilo ni mashuhuri kwa mbegu za nyasi za bustani, hasa rai na feskyu. Ujenzi wa nyumba ulipoporomoka Marekani katika msukosuko wa kifedha wa 2008, bei ya mbegu za nyasi ilianguka, na wakulima wengi wakang'oa nyasi zao wakapanda mihazeli. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa baridi ya huko inatosha mimea yote miwili. Nyasi hizo nazo hudai baridi ya muda mrefu ndipo zitoe mbegu.

Hapo ndipo pana jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mahitaji ya mmea hutegemea sehemu unayotaka kuvuna. Anayetunza uwanja anataka jani tu. Nyasi isipochanua kabisa, ni heri kwake. Anayepanda hazeli anataka tunda, na tunda halina njia nyingine ila kupitia ua. Saa za baridi zinadaiwa na ua na macho yanayolala. Kiswahili kimetenga tayari vitenzi viwili, kustawi na kuzaa, na matangazo ya miche husema cha kwanza yakinyamazia cha pili. Mhazeli wa Marani ungefumbua macho machache hapa na pale bila mpangilio, na maua ya kiume na ya kike yasingekutana kwa wakati. Hata kwao si mti mwepesi: huchavushwa na upepo katikati ya majira ya baridi, haukubali chavua yake wenyewe, kwa hiyo lazima pawe na mhazeli wa aina nyingine karibu, na baada ya chavua kutua hupita miezi kadhaa kabla ya yai kurutubishwa.

Kwa jani, Marani haihitaji kuomba kitu kwa mtu. Chai ni jani, nepia ya ng'ombe ni jani. Na nyasi za Kikuyu, zinazosifiwa viwanjani katika nchi kadhaa, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Zilipelekwa California karibu 1918 kuzuia mmomonyoko. Leo baadhi ya watu huko huzipiga vita kama magugu, huku uwanja wa gofu wa Riviera mjini Los Angeles ukijivunia kuwa nazo. Neno clandestinum katika jina lao la kisayansi lililozoeleka maana yake ni iliyofichika: ua lake hukaa ndani ya ala ya jani, na baada ya kufyekwa chini ndipo nyuzi nyeupe huchomoza juu ya uwanja.

Nyasi za Kikuyu zinadai jua kamili, mvua ya kutosha, mbolea yenye naitrojeni, na kufyekwa mara kwa mara. Chini ya migomba hudhoofika. Hupandwa kwa vipande vya mashina yanayotambaa, hazingoji mbegu, na kwenye mteremko hushika udongo vizuri. Watu wa bustani huita kipande kilichokatwa pamoja na udongo wake kapeti, na sioni haja ya kuwabadilishia. Mmea wenyewe naona tuuite ukoka, jina la Kiswahili la nyasi zitambaazo. Tahadhari moja: ukoka huu haujui mpaka. Ukiingia kwenye chai changa au mahindi utasumbua kama gugu la sangari, kwa hiyo uwekewe mtaro au njia iliyolimwa.

Anayetaka kokwa naye hakosi mti. Makadamia, iliyoletwa Thika kutoka Australia mwaka 1946, haipukutishi majani na huchanua bila kungoja theluji, na iko tayari katika mashamba ya Kisii na Nyamira. Mche uliounganishwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Kama hazeli, kokwa yake ikikomaa huanguka yenyewe chini na kuokotwa. Kuiangua mapema hupunguza mafuta na bei. Shina changa liachiwe duara lililopaliliwa vizuri, na nje ya duara ukoka ufyekwe mfupi msimu wa kuvuna unapokaribia, ili kila kokwa inayoanguka ionekane.