Povu la Mkojo, Kopo la Krimu

Alfajiri, kabla marobota ya mitumba hayajakatwa kamba pale soko la Gikomba, Nairobi, mama humtazama mwanawe usoni. Kope zimevimba. Jirani mmoja atasema ni mbu, mwingine atasema kalala vibaya. Siku mbili baadaye miguu imejaa, viatu vinabana, na mkojo unatoa povu lisilokatika. Figo zimeanza kuvujisha protini ambayo ilipaswa kubaki kwenye damu.

Povu hilo lilipata maana zamani. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa London aliandika kuhusu wagonjwa waliovimba hivi. Mkojo ulipashwa kwenye kijiko juu ya mshumaa. Ukiganda kama ute wa yai, jibu limepatikana: mna protini. Siku hizi kijikaratasi cha kuchovya kinatosha, na hakichukui hata dakika mbili.

Lakini ukurasa unaonigusa zaidi uliandikwa Nairobi. Mwaka 1972 madaktari wa hapa walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliovimba kwa ugonjwa huu wa figo. Waliwauliza pia wanajipaka nini. Zaidi ya nusu walitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Sumu ilikuwa imepenya ngozini, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye figo. Baadhi yao walipoacha krimu, protini ilitoweka mkojoni.

Kwa watoto chanzo mara nyingi ni kingine. Katika miaka ya 1960 John Kibukamusoke na wenzake wa Mulago, Kampala, waliuhusisha ugonjwa huu na malaria ya homa inayorudi kila baada ya saa 72. Kwa wengi wa watoto wetu leo chanzo hakijulikani, lakini wengi wao huitikia vidonge vya prednisoloni, mradi wafikishwe mapema.

Hata hivyo mtoto hulala kifuani pa mama, hupanguswa kwa taulo lilelile, na zebaki ya krimu huhamia kwake bila yeye kupakwa. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, wa 2013, ulitaka krimu zenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo ziondoke sokoni ifikapo 2020. Kwa macho huwezi kuitambua krimu yenye zebaki: ni nyeupe, laini, inanukia vizuri, na kopo lenyewe mara nyingi halisemi.

Kwa hiyo, mama, ukienda kliniki na mkojo wa mwanao, tia na kopo lako la krimu mkobani.