Kiswahili cha Ujirani: Ardhi ya Naguru na Nakawa, Kampala

Historia ya Kiswahili nchini Uganda husimuliwa zaidi kwa kufuata kambi za jeshi na vituo vya polisi. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini huisahau miteremko ya kilima cha Naguru, mashariki mwa bonde la Lugogo. Huko, katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilijenga mitaa miwili ya nyumba za kupanga kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika: Naguru, na Nakawa iliyokuwa na hadhi ya chini kidogo.

Mwanaanthropolojia David Parkin aliitafiti mitaa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969, kikafuatwa na makala kuhusu uchaguzi wa lugha humo. Wapangaji walikuwa Waganda, watu wa kaskazini na mashariki mwa Uganda, na Wajaluo na Waluhya wengi kutoka Kenya. Kiganda kilikuwa lugha ya wenye mji, na aliyejifunza kukisema alikuwa pia akijongea kwenye desturi zao. Kiswahili hakikumdai Mjaluo wala Mluhya gharama hiyo. Hakikuwa cha kabila la mtu yeyote pale.

Lugha hiyo haikuletwa kwa amri. Gavana Gowers alipoipigania mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa aliikataa. Idi Amin aliitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo likazidi kuifungamanisha na bunduki. Naguru ilikuwa imekwisha kutoa mfano mwingine, wa majirani. Mfano huo ulidhoofishwa mwaka 1970, serikali ya Obote ilipowafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya.

Mwaka 2011 nyumba zenyewe zilibomolewa kupisha mji mpya ambao haukujengwa. Ardhi ikagawiwa upya, hata Bunge likaunda kamati ya kuuchunguza ugawaji huo. Mjadala umehusu zaidi ekari na wawekezaji. Bustani ndogo ya umma yenye kumbukumbu ya mitaa hiyo haikupewa uzito. Wakati huohuo, mwaka 2022, Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Washauri wa sera wanaotafuta Kiswahili cha kiraia cha Uganda wanao mashahidi wake: waliokuwa watoto Naguru mwaka 1962 sasa wamepita miaka sitini, nao wametawanyika.