Taa za Kisorya: nani anazizima?

Wadau mnaofanya kazi kwenye maghorofa mapya mnazijua taa za sensa. Zinasubiri joto la mwili linalosogea, basi. Ukitulia kwenye kiti unaandika habari yako saa tatu usiku, zinajizima, nawe unaanza kurusha mikono kama konda wa daladala. Aliyeziweka alitaka kubana matumizi ya umeme. Anayezitumia hakuulizwa.

Huu mchezo wa taa kuamuliwa na mtu wa mbali hata ziwani upo. Nenda Kisorya, kule Bunda kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Usiku usio na mwezi, majini kunawaka kama mjini. Hao ni wavuvi wa dagaa, na taa kwao ni chombo cha kazi sawa na wavu: dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unawakuta hapo.

Wenzao wa Ziwa Tanganyika zamani waliwasha kuni mbele ya mtumbwi. Halafu ikaja karabai, taa ya pampu ya ukoo wa Petromax, iliyobuniwa Berlin na Max Graetz mwanzoni mwa karne ya 20. Ziwa Victoria uvuvi wa dagaa kwa karabai ulishika kasi kuanzia miaka ya 1960, na sangara alipowamaliza furu miaka ya 1980, dagaa akawa tegemeo la wengi.

Lakini karabai ina visirani! Presha ikishuka lazima uipampu tena, huku mtumbwi unayumba. Tone la maji baridi likigusa kioo cha moto, kinapasuka. Kile kimfuko cheupe kinachong'aa kikishaungua hubaki majivu matupu. Wimbi moja tu, kimemomonyoka. Na inakunywa mafuta ya taa usiku kucha, samaki wapatikane wasipatikane.

Sasa sikia hii. Mjini wajanja walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, ule uchakachuaji uliovuma sana. Dawa ya serikali katika bajeti ya 2011/12 ikawa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka sh. 52 hadi sh. 400.30 kwa lita. Mchakachuaji alibanwa, sawa. Ila mvuvi wa Kisorya, ambaye hana hata lori la dizeli, naye alilipa kila usiku aliowasha karabai. Sijaona mantiki ya kumtwisha yeye.

Miaka hiyohiyo watafiti walikuwa wakijaribu taa za LED na wavuvi wa Tanzania na Kenya. Betri na sola vikashuka bei, karabai zikaanza kupisha. Hakuna kupampu, hakuna kioo cha kupasuka.

Ila mwezi mpevu ukitoka, karabai na sola zote hazina kazi. Dagaa wanatawanyika, mitumbwi inalala mchangani, na watu wanashona nyavu hadi giza lirudi.